Mkasi Ulianza kwa Wakurdi: Somo la Tamthilia za Kituruki kwa Sisi Vijana

Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa kata yetu Jumamosi iliyopita. Wengi mliokosa kufika mmeomba iwekwe hapa. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema, nimerekebisha tu pale ulimi ulipoteleza.

 

Kwanza nimshukuru mama yetu mwenye nyumba hii kwa kutupa ua wake. Mnajua wote kwamba hatukupanga kukaa hapa. Tulikuwa na ukumbi, tulishalipa kianzio, na siku mbili kabla mwenye ukumbi akatupigia kusema ukumbi "umepata dharura". Akaturudishia hela yetu yote, hata nauli ya kijana tuliyemtuma akataka kulipa. Simlaumu na simtaji. Naye ana watoto wa kulisha. Hilo la ukumbi nitalirudia mwishoni, kwa sababu ndilo lililonifanya nibadilishe mada yangu yote.

Nilipomwambia mzee mmoja wa chama kwamba nitazungumzia tamthilia za Kituruki, alicheka. Akaniambia, "Mwanangu, vijana hawana ajira, mbolea imepanda bei, wewe unaenda kutusimulia habari za Sultan?" Nikamjibu, mzee wangu, shikamoo, nenda tu ukae, utaona kama ni porojo. Nashukuru amekuja. Yule pale.

Sasa tuanze na Sultan huyohuyo. Nani hapa hajaiona? Nyumbani kwetu, saa ya Sultan ikifika, mama alikuwa ameshapika, ameshaosha vyombo, na hakuna mtu wa kutumwa dukani. Wengi tuliiona kwenye king'amuzi cha Azam, imetiwa sauti za Kiswahili, Süleyman anaongea kama mtu wa Temeke. Mama alikuwa akimsema Hürrem vibaya kana kwamba ni jirani wa nyuma ya ukuta. Mimi mwenyewe nilijifunza historia ya Waothmani kule kuliko darasani.

Jina lake la kwao ni Muhteşem Yüzyıl, na ilianza kuonyeshwa Uturuki Januari 2011. Kipindi hicho Recep Tayyip Erdoğan alikuwa Waziri Mkuu. Sasa ngoja niwaambie ambalo wengi hatukuambiwa. Novemba 2012 Erdoğan alisimama hadharani akaishambulia ile tamthilia. Hoja yake ilikuwa kwamba Süleyman halisi alitumia miaka mingi ya maisha yake juu ya farasi vitani, siyo kwenye vyumba vya wake zake kama tunavyoonyeshwa, na akataka vyombo vya sheria viwashughulikie wanaohusika. Haikupita muda, shirika la ndege la Uturuki likaiondoa kwenye orodha ya vipindi vinavyoonyeshwa ndani ya ndege zake.

Tamthilia haikufa, maana ilikuwa inaingiza fedha nyingi na inauzwa nchi nyingi. Ila serikali ilijifunza kitu. Desemba 2014 televisheni ya taifa, TRT, ikaanza kuonyesha Diriliş: Ertuğrul. Hiyo nayo mnaijua. Humo kuna farasi, upanga, sala, na adui anayetoka nje kila wiki. Sisemi ni mbaya, nimeitazama mpaka usiku wa manane. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo historia ambayo wakubwa waliitaka, na safari hii ilitoka kwenye kituo chao wenyewe.

Vijana wenzangu, mpaka hapo mtu anaweza kusema huo ni ugomvi mdogo wa tamthilia, umeisha. Ndiyo maana nataka nirudi nyuma. Kuna watu ndani ya Uturuki ambao hawakubishaniwa kama wameigizwa vizuri au vibaya. Wao waliambiwa hawapo. Ni Wakurdi.

Wakurdi ni mamilioni ya watu, wamegawanyika kati ya Uturuki, Iran, Iraki na Syria. Lugha yao si Kituruki wala Kiarabu. Ndani ya Uturuki, kwa miaka mingi, kauli rasmi ilikuwa kwamba hakuna Wakurdi, ni Waturuki wa milimani tu. Baada ya jeshi kupindua nchi tarehe 12 Septemba 1980 chini ya Jenerali Kenan Evren, mambo yakawa mazito zaidi. Mwaka 1983 ikatungwa sheria namba 2932 iliyopiga marufuku kuchapisha na kutangaza kwa Kikurdi, ingawa sheria yenyewe haikulitaja neno Kikurdi hata mara moja. Ilidumu mpaka 1991. Hebu fikirini, lugha inapigwa marufuku na jina lake halitajwi hata kwenye sheria inayoipiga marufuku!

Ukitaka kuelewa maana yake kwa mtu wa kawaida, kuna filamu fupi ya dakika kama 14 hivi. Inaitwa Sessiz kwa Kituruki, Bê Deng kwa Kikurdi, maana yake ni "kimya" au "bila sauti". Muongozaji ni Rezan Yeşilbaş, na mwaka 2012 ilishinda Palme d'Or ya filamu fupi kule Cannes, Ufaransa. Kisa ni cha mwaka 1984. Mwanamke anakwenda kumtembelea mumewe katika gereza la Diyarbakır. Hajui Kituruki, na Kikurdi hakiruhusiwi gerezani. Kwa hiyo wanakaa wanatazamana. Hakuna cha kusema, maana lugha ya kusemea hawana. Na huyu mama alitaka kumpelekea mume wake viatu vipya, lakini kuingiza kitu ni marufuku, basi akaingia navyo miguuni. Yaani nyumba nzima inataka kuuliza "unakula? unalala? wanakupiga?" na yote hayo yanaishia kwenye jozi ya viatu.

Mimi niliiona kwenye simu, nikaizima, nikatoka nje kidogo.

Sasa rudini kwenye tamthilia tunazozipenda. Sıla, ya mwaka 2006 hadi 2008, na Hercai, ya 2019 hadi 2021, zote zimewekwa upande wa Mardin, kusini-mashariki mwa Uturuki. Mnaona zile nyumba za mawe mazuri, matajiri wenye koo kubwa, visasi, binti analazimishwa kuolewa. Mardin ni mkoa ambao watu wengi ni Wakurdi, na kuna Waarabu na Wasuriani pia. Lakini ndani ya tamthilia watu wote wanaongea Kituruki, labda na lafudhi kidogo. Mila za kikatili zimebaki, bastola zimebaki, vilio vya wanawake vimebaki. Lugha yao na jina lao ndivyo vilivyoondolewa. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa anamaliza mamia ya saa akiamini amewaona Waturuki wa kijijini.

Kwa hiyo nawaomba, kuanzia leo, ukitazama tamthilia yoyote, hata ya kwetu, jiulize ni nani amekaa humo ndani lakini hajapewa mdomo wake.

Kuna mtu mmoja aliyelipuuza zuio hilo mapema sana. Anaitwa Yılmaz Güney. Alizaliwa 1937 karibu na Adana, wazazi wake Wakurdi, watu maskini wa mashambani. Alianza kama mwigizaji wa filamu za ngumi na bastola, watu wakampa jina la utani "Mfalme Mwenye Sura Mbaya", maana hakuwa na ule uzuri wa mastaa wa wakati ule. Angekuwepo hapa, vibanda umiza vyote vingejaa kwa jina lake tu. Halafu akaamua kutengeneza filamu za watu aliokua nao. Mwaka 1970 akatoa Umut, maana yake "matumaini". Ni habari ya mwendesha mkokoteni wa farasi pale Adana. Gari la tajiri linamgonga farasi wake mmoja, polisi wanakuwa upande wa mwenye gari, na yule masikini anaishia kuchimba ardhi akitafuta hazina aliyoambiwa ipo. Bodi ya ukaguzi ikaipiga marufuku. Hakukuwa na mwito wa mapinduzi humo ndani, wala neno la Kikurdi la kuwatisha. Alionyesha umaskini tu, na huo tayari ulikuwa kosa.

Sitaki kumfanya malaika. Mwaka 1974 Güney alikamatwa kwa kumuua hakimu kwa risasi kwenye mgahawa, baadaye akapewa miaka 19. Ni damu ya mtu, na kipaji hakiifuti. Lakini akiwa gerezani aliendelea kuandika filamu, na wenzake wakaziongoza nje kwa maelekezo yake. Sürü, ya mwaka 1978, iliongozwa na Zeki Ökten. Yol iliongozwa na Şerif Gören. Mwaka 1981 Güney akatoroka, akavuka mpaka, akaihariri Yol akiwa Uswisi. Mwaka 1982 ikapata Palme d'Or, tuzo kubwa kabisa ya Cannes, ikigawana na filamu ya Costa-Gavras iitwayo Missing.

Yol ni habari ya wafungwa watano wanaopewa likizo ya wiki moja kwenda makwao. Wanatoka gerezani wanakuta nchi nzima ni gereza, kuna vizuizi barabarani, wanajeshi kijijini, na hata ndani ya familia kuna mila inayohukumu kifo. Mmoja anakamatwa kwa sababu tu amepoteza karatasi ya ruhusa. Na mfungwa mwingine anapofika kwao, yanatokea maandishi kwenye skrini, neno moja tu: Kürdistan. Filamu ikawa marufuku Uturuki mpaka 1999. Güney mwenyewe alivuliwa uraia, akafia Paris Septemba 1984, na kaburi lake liko hukohuko. Aliyeonyesha nchi yake kwa dunia hakuruhusiwa hata kuzikwa kwao.

Mtu atasema, hayo ni ya zamani, enzi za wanajeshi. Sawa. Tuje karibu.

Mwaka 2001 mwanamama aitwaye Handan İpekçi alitoa filamu Büyük Adam Küçük Aşk, inaitwa pia Hejar. Kuna hakimu mstaafu, mzee mwenye msimamo, mtu wa dola kabisa. Polisi wanavamia nyumba ya jirani, watu wanauawa, na katoto ka kike kama miaka mitano, Hejar, kanaingia kwa mzee. Kanaongea Kikurdi tu. Mzee anapiga marufuku Kikurdi nyumbani kwake. Halafu anagundua kwamba hata mama anayemfanyia kazi za ndani miaka yote hiyo ni Mkurdi, na alikuwa ameificha lugha yake. Kidogokidogo yule hakimu anaanza kujifunza neno mojamoja ili aweze kuongea na mtoto.

Ni filamu ya upole, jamani. Hakuna anayemtukana mtu. Na ilichaguliwa kuiwakilisha Uturuki kwenye tuzo za Oscar! Lakini mwaka 2002 polisi walilalamika kwamba imewachafua, kibali kikafutwa, na muongozaji akafikishwa mahakamani. Baadaye zuio liliondolewa naye akaachiwa huru. Ila swali linabaki. Dola yenye jeshi kubwa kiasi kile ilimwogopa nini mtoto wa miaka mitano? Mimi naona iliogopa kwamba mtazamaji Mturuki, akimwona yule mzee anajifunza neno la Kikurdi, naye angetamani kujifunza.

Nisiwe mwonevu. Kuna hatua zilipigwa. Tarehe 1 Januari 2009 televisheni ya taifa ilifungua kituo cha Kikurdi cha saa 24. Ni jambo kubwa. Na mwaka huohuo iliingia kwenye majumba ya sinema filamu İki Dil Bir Bavul, yaani "Lugha mbili, sanduku moja". Ni ya kweli, si ya kuigiza. Mwalimu kijana Mturuki anapangiwa kijiji cha Wakurdi. Watoto hawajui Kituruki, yeye hajui Kikurdi, na mwaka mzima wa shule unakwenda hivyo. Hakuna mbaya humo. Mwalimu anahangaika, watoto wanahangaika. Sisi tuliotoka darasa la saba tukaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo limegeuka Kiingereza, hiyo filamu hatuhitaji kutafsiriwa.

Lakini ruhusa ilikuwa na mpaka. Kikurdi kiliruhusiwa zaidi pale serikali ilipokuwa ndiyo inayoongea. Oktoba 2020, kikundi cha Teatra Jiyana Nû kilikuwa kionyeshe igizo la Kikurdi, Bêrû, kwenye ukumbi wa manispaa ya jiji la Istanbul. Ni igizo la Dario Fo, Mwitaliano aliyepata Nobel, wamelitafsiri tu. Saa chache kabla ya kuanza ikaja amri ya kulizuia. Waigizaji wameshafika, watu wameshafika, ukumbi umefungwa. Mnaona kwa nini nilisema habari ya ukumbi nitairudia?

Sasa nifike kwenye kiini.

Kati ya 2007 na 2011 kulikuwa na tamthilia maarufu, Tek Türkiye, kwenye kituo cha Samanyolu. Kituo hicho kilikuwa cha wafuasi wa Fethullah Gülen, ambao wakati ule walikuwa marafiki wakubwa wa serikali. Tamthilia yao ilihusu upande wa Wakurdi na vita vya PKK, na ilifuata mstari wa dola. Kundi la PKK lilianza vita na serikali 1984, na makumi ya maelfu ya watu wamekufa. Mkurdi mwema kwenye tamthilia za namna hiyo ni yule aliyekubali kuongozwa, aliyebaki ni gaidi. Wakati filamu za Wakurdi zinakatwa, hawa walikuwa upande wa wenye mkasi. Basi urafiki ukavunjika. Tarehe 14 Desemba 2014 polisi wakavamia. Mkuu wa kituo akakamatwa, na pamoja naye wakashikiliwa watengenezaji wa tamthilia, hadi watu walioandika hadithi yake. Mashtaka yalihusu mambo yaliyosemwa ndani ya tamthilia! Baada ya jaribio la mapinduzi la 2016 kituo kikafungwa kabisa.

Wahenga wetu walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawa walishangilia mwenzao akinyolewa.

Na msidhani ni wafuasi wa serikali tu. Nitawaambia habari ya upinzani, maana sisi ni upinzani. Mei 2016 bunge la Uturuki lilipiga kura kuondoa kinga ya wabunge. Kila mtu alijua walengwa wakuu ni wabunge wa chama cha HDP, chenye wafuasi wengi Wakurdi. Kiongozi wa chama kikuu cha upinzani wakati ule, CHP, alisema hatua hiyo inakiuka katiba, na bado akasema watapiga kura ya ndiyo. Waliogopa kuitwa marafiki wa magaidi. Novemba mwaka huohuo kiongozi wa HDP, Selahattin Demirtaş, akawekwa ndani.

Mwaka 2023, tamasha la filamu la Antalya lilikuwa litimize mara ya 60. Ni tamasha la heshima, na linasimamiwa na manispaa ya jiji, ambayo meya wake alikuwa wa CHP. Kulikuwa na filamu ya kumbukumbu, Kanun Hükmü, ya Nejla Demirci, kuhusu daktari na mwalimu waliofukuzwa kazi kwa amri ya dharura baada ya 2016. Watumishi zaidi ya 100,000 walifukuzwa kwa amri hizo. Filamu ikaondolewa, waongozaji wenzake na majaji wakagoma, ikarudishwa, wizara ikajitoa, ikaondolewa tena, na mwisho tamasha zima likafutwa. Safari hii walioguswa hawakuwa Wakurdi wa milimani. Walikuwa daktari na mwalimu.

Machi 2025 ikafika zamu ya CHP yenyewe. Meya wa Istanbul, Ekrem İmamoğlu, aliyetarajiwa kugombea urais, akakamatwa. Vijana wakajaa barabarani, na tarehe 2 Aprili wakaitisha mgomo wa kutonunua kitu siku moja. Mwigizaji Aybüke Pusat, nyota wa tamthilia ya TRT iitwayo Teşkilat, akaunga mkono mgomo huo kwenye mtandao wake. Akaondolewa kwenye tamthilia. Na Teşkilat, kwa taarifa yenu, ni tamthilia ya kuisifu idara ya usalama ya nchi hiyo. Kwa hiyo hata kuigiza upande wa dola hakukumkinga.

Mnaona safari ya huo mkasi? Ulianza kwa mwendesha mkokoteni wa Adana, ukaenda kwa katoto Hejar, ukaenda kwa igizo la Kikurdi, ukafika kwa rafiki wa serikali, ukafika kwa daktari, ukafika kwa nyota wa televisheni ya taifa. Ulipoachwa ukate wa kwanza, ulishajifunza kazi.

Lakini si wote walionyamaza, na hili ndilo linalonipa moyo. Aprili 2015, tamasha la filamu la Istanbul lilikuwa lionyeshe Bakur, filamu ya kumbukumbu ya Çayan Demirel na Ertuğrul Mavioğlu, iliyopigwa ndani ya kambi za PKK. Saa chache kabla, ikaondolewa kwa kisingizio cha karatasi ya usajili. Waongozaji wengine walikuwa na filamu zao zina vibali vyote, zimeshapangiwa saa. Wengi wao hawakuwa Wakurdi, na sidhani wote waliipenda PKK. Zaidi ya 20 wakaondoa filamu zao. Mashindano yakafutwa. Kila mmoja alikuwa amehangaika miaka kutengeneza kazi yake, na aliiondoa kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine. Haikuwaokoa wale wawili, kwa sababu mwaka 2019 mahakama ya Batman iliwahukumu miaka minne na miezi sita kila mmoja. Lakini hakuna atakayesema kwamba siku ile walikuwa peke yao.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba nitoke Uturuki nije kwenye ua huu. Nchi yetu si Uturuki. Hatuna vita ile, na tunashukuru Mungu kwa lugha yetu moja. Lakini tabia ya kunyamaza tunayo, na mimi mwenyewe ninayo.

Mwaka juzi kijana mmoja wa kata ya jirani alikuwa na kikundi cha maigizo. Walitunga igizo kuhusu mashamba ya wanakijiji yaliyochukuliwa. Siku ya kuonyesha wakaambiwa hawana kibali, wakati walikuwa wanaigiza palepale miaka yote na hakuna aliyewahi kuwauliza. Yule kijana alikuja ofisini kwetu. Nilikuwa katibu. Aliomba barua tu, au tusimame naye kwenye mkutano wa hadhara tuseme neno. Mimi nikawaambia wenzangu, "Huyu si ndiye aliyeigiza kwenye kampeni za wapinzani wetu? Acha naye aonje." Tukacheka. Nilicheka mimi, na baadhi yenu hapa mlicheka.

Kikundi kile kilikufa. Wasichana wawili waliokuwa humo wamerudi kuuza karanga stendi. Na mwaka huu, kikundi chetu cha vijana kilipoandaa igizo lake, ukumbi ukapata dharura. Nikatafuta mtu wa kutusemea nje ya chama. Sikumpata. Usiku ule nikamkumbuka yule kijana.

Nimemwalika leo. Amekaa pale nyuma karibu na mlango. Kaka, naomba radhi mbele ya watu hawa wote. Ulikuja na haki yako mkononi, mimi nikaangalia rangi ya fulana uliyovaa wakati wa kampeni. Sikuombi uwe mwanachama wetu. Ukitaka kubaki huko ulipo, baki.

Kwa hiyo ninayo mapendekezo mawili, Mwenyekiti, naomba yaingie kwenye muhtasari. La kwanza: mwezi ujao, kabla igizo letu halijaonyeshwa popote, lionyeshwe igizo la kikundi chake, kwenye ua huuhuu, kama mama mwenye nyumba ataridhia. Sisi tutabeba viti. La pili: msanii yeyote wa kata yetu akizuiwa kuonyesha kazi yake, awe wa chama gani au asiwe na chama, tawi letu litatoa tamko ndani ya siku tatu. Tusimuulize kwanza alimpigia nani kura.

Yule mzee wangu aliniuliza Sultan ina uhusiano gani na mbolea. Mzee, igizo la yule kijana lilikuwa la mashamba. Siku likizuiwa, na bei ya mbolea inakosa mtu wa kuisema.



Nyongeza ya blogu: Mapendekezo yote mawili yalipitishwa kwa kunyoosha mikono. Watatu walipinga, na walieleza sababu zao, tutaziweka hapa wakituandikia. Mama mwenye nyumba amekubali kutoa ua. Yule kijana amesema atajibu baada ya kuongea na wenzake wa kikundi, na tunamheshimu kwa hilo. Tarehe tutaitangaza.